Bwana Ndoo na Mke Mwenza wa Zege

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu wa ule uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imemkabidhi mdogo wa mjane kazi ya kuyasoma haya, ambaye kwa marehemu alikuwa shemeji wa kutaniana naye, na kabla ya neno la kwanza mjane ametoa sharti, kwamba yasomwe yote, ya kufurahisha na ya kukera, yeye mwenyewe asipambwe kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao, na palipo na kicheko mtu acheke asijibane, kwa sababu marehemu hakupenda nyuso za kununa.

Wengi wenu mlipofika mliuliza kaburi limechimbwa wapi, mkapewa majibu mawili, na hamkudanganywa, kwani mpaka jana asubuhi majibu yalikuwa mawili kweli. Marehemu aliomba azikwe kule mwisho wa njia ya kurukia ndege, karibu na mnara wa kuongozea ndege, na dada yetu, mkewe, alikuwa amekula kiapo kwamba hilo halitafanyika yeye akiwa hai, mumewe atazikwa hapa nyumbani, nyuma ya chumba cha cherehani, amwone kila anapofungua mlango wa uani. Ugomvi huo haukuanza na msiba huu, una umri wa ndoa yenyewe, na historia ya marehemu haisomeki bila huo.

Marehemu, ambaye mtaa mzima mlimwita Bwana Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1943, mtoto wa nne wa baba mvunja kokoto na mama mpishi wa vibarua, katika kambi ya wajenzi wa uwanja huohuo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waliokuwepo walisimulia kwamba pale palikuwa mashamba ya watu, wanajeshi wakaja na matingatinga, wakang'oa visiki, wakasawazisha ardhi mbiombio, na juu yake wakatandika mabati mazito ya chuma yenye matundu, yaliyoshikana kwa ndoano, ili ndege zitue hata wakati wa mvua bila kuzama kwenye tope, na kandokando wakajenga kuta nene za udongo za kufichia ndege. Siku mama yake aliposhikwa na uchungu ilikuwa imetoka amri ya kuzima taa kwa hofu ya ndege za adui, mkunga akafanya kazi kwa kupapasa, na mama mwenyewe akaambiwa alie kwa sauti ya chini, kana kwamba rubani angemsikia kutoka huko juu. Dada kila akisikia kisa hiki husema kwamba yeye aliolewa mke wa pili bila kuambiwa, maana yule mwenzake, yaani uwanja, alimpokea mtoto tangu alipotoka tumboni.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946 wanajeshi waliondoka, wakaacha mahema yaliyochanika, mapipa matupu na yale mabati, na wananchi hawakungoja kuambiwa mara mbili, wakayang'oa wakatengenezea mageti, mabanda ya kuku, vichanja vya vyombo na hata vitanda. Geti mlilopita leo mkiingia hapa ni kipande cha uwanja ule, kilichotoka nyumbani kwa baba yake, kimepakwa rangi ya kijani mara nyingi kiasi kwamba matundu yake mengine yameziba, na marehemu alipokuwa mtoto alijifunza kuhesabu kwa kuingiza kidole katika matundu hayo, mpaka siku kidole kikanasa na ikabidi baba yake akitoe kwa mafuta ya kupikia.

Alianza shule Januari 1951, katika jengo lililokuwa bwalo la maofisa, ambako ubao wa kuandikia ulikuwa ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi juu ya ramani ya vita, na jua lilipoupiga ukuta kwa ubavu mistari ya ramani ilijitokeza chini ya hesabu za mwalimu, marehemu akawa anafuata safari za ndege huku wenzake wakifuata kugawanya. Alimaliza darasa la nane Desemba 1958, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, kisha akajifunza uashi kwa mjomba wake, fundi ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa yeye.

Tarehe 1 Februari 1962 jeshi la anga lilirudi na kuufungua uwanja upya kwa ajili ya ndege za kisasa, likamwaga zege pale yalipokuwa mabati, na marehemu akachukuliwa kibarua, kisha mwaka 1964 akaajiriwa rasmi katika idara ya kutunza njia ya kurukia, akapanda hadi kuwa msimamizi wa idara hiyo mwaka 1971. Kwa wasioijua kazi hiyo, na dada ameagiza ielezwe vizuri maana ndiyo iliyomnyima usingizi, ni hivi, kila alfajiri kabla ndege ya kwanza haijawashwa, wanaume walijipanga bega kwa bega kutoka ukingo huu hadi ule, kila mmoja na ndoo yake, wakatembea polepole njia yote macho yakiwa chini, wakiokota kila jiwe, kila skrubu, kila kipande cha waya, kwa sababu kokoto ndogo kama punje ya mahindi ikivutwa ndani ya injini inaweza kuiangusha ndege na mtu wake. Sheria ya kazi ilikuwa kwamba mtu hainui macho mpaka afike mwisho, hata akiitwa, hata akiitwa na mkuu wa kikosi, na wenzake waliopo hapa watathibitisha kwamba katika utumishi wake wote hakuna ndege iliyopata dosari kwa uchafu wa njia.

Macho hayo ndiyo yaliyomleta kwetu. Mwaka 1966 dada alikuwa anashona barazani kwa shangazi yetu, sindano ya mkono ikamponyoka, watu watatu wakapiga magoti kuitafuta, marehemu akapita njiani, hakuulizwa, akainama mara moja akaiokota kati ya nyufa za sakafu, akampa, akaenda zake. Dada alimwambia shangazi kwamba mwanamume anayeona sindano bila kutafuta hawezi kushindwa kuona mke, na hapo ndipo alipojidanganya, anasema mwenyewe, kwa maana mtu huyo aliona sindano, aliona vifungo, aliona senti zilizofukiwa na vumbi, lakini gauni jipya hakuliona hata likipita mbele yake mara tatu.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Juni 1967, bwana harusi akachelewa, akafika na vumbi la zege kwenye magoti ya suruali ya harusi, akaeleza bila kupepesa macho kwamba asubuhi hiyo walipungua watu kwenye mstari. Mama yetu alitaka kuivunja shughuli palepale, ila dada akasema aachwe, atabadilika akishaonja nyumba. Mwaka uliofuata marehemu akajenga nyumba hii tuliyokaa, akachagua kiwanja kilichopakana na uzio wa uwanja wakati viwanja vya upande wa sokoni vilikuwa wazi, na chumba cha kulala akakielekeza kule kule, kitanda kikatazama dirisha na dirisha likatazama njia ya ndege. Dada hakugombana, alishona pazia zito la nguo ya kufunikia malori, likazuia hata mwanga wa mchana, na pazia hilo lilikaa hapo miaka na miaka, analifua mwenyewe, analirudisha siku hiyohiyo kabla halijakauka vizuri.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1970, ambaye ni nesi, kijana wa pili aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1974, dereva wa malori, na binti wa mwisho aliyezaliwa tarehe 12 Januari 1979, mwalimu. Kijana huyo wa pili alizaliwa wakati wa vita vya mpakani, ndege zikiruka na kutua mchana kutwa, marehemu akawa analala kambini, na habari za mtoto alipelekewa na mlinzi wa geti. Alikuja kumwona mtoto siku ya nne, akambeba, akamwangalia sana, akaona kipele kidogo nyuma ya sikio ambacho hata mkunga hakukiona, akarudi kazini kabla chai haijapoa, na dada alikilaani kile kipele kama ndicho chenye makosa.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya watoto palitokea jambo la mwaka 1969, ambalo dada amesema tusipolisoma atasimama alisome mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo ndege hazikuruka na marehemu hakuwa na zamu, dada akaamka akakuta kitanda kitupu, Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, majirani nao hawakumsaidia, wakaanza kukohoa kila anapopita. Jumapili ya tatu alijifanya amelala, akamfuata kwa nyuma akiwa na jirani yake muuza mkaa kama shahidi, wakajibanza nje ya uzio wakitarajia kuona nyumba fulani na mlango fulani, wakamwona marehemu peke yake katikati ya njia, amepiga magoti, akipitisha kiganja kwenye viungio vya zege, taratibu, anapuliza mchanga, anapapasa tena. Muuza mkaa akaangua kicheko akasema, "Mama, nenda kalale, huyo hana mwanamke." Dada hakucheka. Alituambia baadaye kwamba afadhali angekuwa mwanamke, angemfuata kwake, angemsema akasemeka, angemwangalia amezidiwa nini, lakini zege utaligombeza kwa mdomo gani, na tangu siku hiyo akawa anaiita njia ile mke mwenzangu, hadharani, mbele ya watoto na mbele ya wakubwa wa jeshi, na alipouliziwa mumewe alijibu kwamba yuko kwa bibi mdogo.

Tusidhani ulikuwa utani mtupu. Dada alikuwa na wivu wa kweli, wa kuuma, wivu wa kumkosesha hamu ya chakula. Alipokuja mtafiti mmoja wa historia ya viwanja vya wakati wa vita, marehemu akamtembeza siku nzima, akamwonyesha mahandaki, kuta za udongo, mahali yalipokuwa mahema na mahali alipozaliwa, kisha mtafiti akamtumia picha kubwa, marehemu amesimama juu ya zege lake anatabasamu meno yote nje. Marehemu aliitundika sebuleni. Dada aliitazama kwa wiki nzima, akasema hajawahi kutabasamiwa namna ile, akaitoa picha yao ya harusi kabatini, ile ya magoti yenye vumbi, akaitundika juu ya hiyo nyingine, msumari uleule, na marehemu kwa busara zake hakuuliza picha yake imekwenda wapi.

Uwanja ulifungwa tarehe 30 Novemba 1993, ndege ziliondoka moja baada ya nyingine, ya mwisho ikazunguka juu ya mnara, watu wazima wakatokwa na machozi, na marehemu akastaafu siku hiyohiyo. Dada anakiri kwamba yeye siku hiyo alifurahi, alishona shuka jipya, alipika vizuri, alimwambia shangazi kwamba mwenzake amepewa talaka na sasa mume ni wake. Asubuhi yake aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Alimngoja mlangoni, akamuuliza, "Ndege zimeondoka zote, unamfagilia nani?" naye akaweka ndoo chini, akajibu, "Ndege ikipata shida huko juu haipigi hodi, mke wangu," akaingia kunywa chai. Waliishi hivyo kwa miaka mingi, nyasi zikaota pembeni, mbuzi wakahamia kwenye mahandaki, vioo vya mnara vikavunjwa, lakini katikati ya njia ile hukuweza kuokota hata kijiti.

Tarehe 4 Mei 2010, akiwa anavaa viatu vya kwenda huko, marehemu alipatwa na kiharusi, akapelekwa hospitali, akarudi nyumbani baada ya mwezi akiwa na ufahamu wake wote na ulimi wake wote, ila upande wa kulia haukumtii tena. Dada alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, na ametuagiza tuseme wazi kwamba mwanzoni aliona raha, kwa mara ya kwanza mume anaamka na kumkuta hapo hapo. Raha haikudumu. Kila alfajiri marehemu alifumbua macho akalitazama lile pazia, akaendelea kulitazama mpaka jua likatoka, na dada akashindwa kuvumilia kutazamwa kwa pazia kuliko alivyowahi kushindwa jambo lolote. Asubuhi moja akalishusha, akalikunja, akafunga kichwa kwa kitambaa, akachukua ndoo, akatoka bila kuaga. Aliporudi aliimwaga ndoo kwenye sinia mbele ya mumewe, mawe, vifuniko vya chupa, skrubu yenye kutu, akasema, "Mke mwenzangu hajambo, anakusalimu." Marehemu akachambua kwa mkono wa kushoto, akakunja uso, akasema, "Ukingo wa kushoto umeuruka." Kesho yake dada akarudi kwenye ukingo wa kushoto, huku akitukana njia nzima, na hakuacha tena.

Ndipo ukaja mwaka 2012, mvua zilizovunja daraja, na tarehe 22 Aprili ndege ndogo ya madaktari, iliyobeba dawa na wahudumu, ikakuta uwanja wa mjini umefunikwa na maji, ikazunguka juu yetu mara mbili, ikashuka kwenye njia yetu kama vile ilikuwa inangojwa. Asubuhi hiyo dada alikuwa ameondoa hapo kipande cha bati la vita kilichosombwa na maji, kirefu kama mkono, chenye makali. Rubani alishuka, akatazama chini, akauliza nani anayetunza mahali hapa, na umati ukamsukuma mbele dada yetu na ndoo yake, rubani akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Dada alirudi nyumbani anakimbia, kwa umri wake, kumsimulia mumewe, na marehemu, aliyekuwa amesikia injini na kuona kila kitu dirishani, alimgeuzia uso ukutani. Chakula cha mchana hakula. Cha jioni hakula. Binti nesi alipombembeleza alitoa ya moyoni, akasema, "Miaka yote hiyo nimeamka mimi, halafu imekuja kutua kwake!" Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akalia, akacheka tena, binti akadhani mama naye anaugua, na dada anasema siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba ana mume kweli, kwa sababu na yeye ameonewa wivu.

Marehemu alizidiwa mwanzoni mwa mwezi huu, madaktari walimpa ruhusa ya kukaa nyumbani kama alivyotaka, na akafariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka sabini. Dada hakuwepo chumbani. Alikuwa anakaribia mwisho wa njia, macho chini, na binti nesi alipomwita kwa sauti kuu hakuinua macho, kwa sababu hiyo ndiyo sheria na alikuwa hajafika mwisho. Aliporudi akaambiwa, akaiweka ndoo mlangoni, akasema kwamba yule mwingine amemnyang'anya hata saa ya mwisho, na wenzake marehemu walipokuja Jumamosi na ombi la kaburi la kule uwanjani aliwasikiliza, kisha akawafungulia geti watoke.

Jana asubuhi, dada alipokuwa akiwaonyesha wachimbaji mahali nyuma ya chumba cha cherehani, binti nesi alimvuta pembeni akamwambia alichokuwa amekiweka moyoni kwa siku mbili. Alfajiri ile marehemu aliomba ainuliwe kwa mito, akatazama dirishani muda mrefu, binti akadhani anaitazama njia yake, akamwambia baba iko safi, usiwe na shaka. Marehemu akasema, "Namtazama mama yako. Tangu ile siku ulipotoa pazia namtazama kila asubuhi. Anatembea vizuri, hainui macho." Kisha akasema mwambieni leo avae sweta, kuna baridi, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Si binti aliyelitoa pazia, tunajua nani alilitoa, na marehemu naye alijua, maneno yalikuwa yameanza kumchanganyikia. Dada akawaambia wachimbaji wachukue majembe yao, akatangulia, akavuka uzio, akawapimia mwenyewe mahali chini ya mnara, na akaweka sharti ambalo familia nzima imelishuhudia, kwamba patengwe nafasi mbili, marehemu akae upande wa nje, na ile nafasi ya pili, iliyo kati yake na zege, isiguswe na mtu, ni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu alipoanguka, inawashukuru majirani mliopika, mliofua na mliolala nasi, inamshukuru muuza mkaa, shahidi wa mwaka 1969, aliyeingia leo bila kucheka, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa uwanja, ambao leo alfajiri, wazee kwa fimbo zao, walijipanga bega kwa bega wakaisafisha njia yote, dada akiwa katikati ya mstari, amevaa sweta.

Pumzika kwa amani, shemeji, na asubuhi ukisikia mtu anapita na ndoo, usiamke, ni mkeo.